Sindano Nyuma ya Khanga

Wazee wenzangu mnaoambiwa mkachomwe sindano ya mafua kabla baridi haijaingia, nanyi mnakaa barazani mkisema mtaona kesho, haya ninayoandika ni yenu. Wengine watawaambia walipona kwa maombi, wengine kwa mizizi. Mimi nilipona kwa hasira. Dawa za hospitali zilifanya kazi yake na mke wangu alifanya ya kwake, sikatai, lakini kilichonitoa kitandani nikasimama kwa miguu yangu ni hamu ya kumwona mdogo wangu Gwakisa akiaibika mbele ya watu.

Naitwa Ambakisye, wa Ngonga. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika miaka ile chama kina mizani, kina ghala na kina heshima. Ilipokuja ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, wanunuzi binafsi waliingia na malori yao mpaka kwenye majaruba ya mpunga, ushirika ukafa, sisi makarani tukapewa mkono wa kwaheri. Nikarudi kwenye mpunga na migomba. Gwakisa, ambaye tumechangia baba, ruksa ilimkuta na baiskeli. Akawa anavuka mto Songwe kwa pale Katumba, anapeleka mchele Malawi, anarudi na sukari na sabuni, na kabla hatujakaa sawa akawa na duka, redio kubwa na sauti ya mtu mwenye duka.

Kuna jambo lazima niwaeleze wasiotoka kwetu, la sivyo mtasema sisi ni wajinga tu. Kwetu baba mkwe na mkamwana, yaani mke wa mwanao, hawaonani. Tunaita kutila. Hakutazami usoni, hali chakula mbele yako, mkikutana njiani anaingia kwenye migomba mpaka upite, na sauti yake haitakiwi ikufikie. Wala si wewe peke yako. Ndugu zako nao ni baba wakwe zake, na wanaume wa rika lako vilevile. Makanisani wamelegeza kidogo na vijana wa mjini wanacheka, lakini Ngonga bado lipo. Na mwanamume mwenye adabu humsaidia mtoto wa watu. Anakohoa. Ukikaribia uani kwa mwanao unakohoa kikohozi kikavu, mara mbili, ili aliyeko apate nafasi ya kujiondoa. Nimekohoa hivyo tangu mwanangu Lugano alipomwoa Bupe.

Bupe ni muuguzi wa zahanati ya kanisa. Ndiye peke yake.

Boksi la sindano lilikuja mvua kubwa zikiwa zinaelekea kukatika. Hospitali ya misheni ilikuwa imepelekewa na wafadhili wao wa ng'ambo, ikatangazwa kanisani kwamba wazee wa Ngonga waje, ni bure, inazuia mafua makali yale yanayoshuka kifuani msimu wa upepo wa mwela. Maneno yalizagaa kabla ya boksi kufika. Wengine walisema ni ya kutumaliza sisi wazee ili vijana wagawane migomba. Wengine walisema inafunga uzazi. Mke wangu Tupokigwe aliposikia hilo aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Baba Lugano, hapo huna cha kupoteza."

Tulikwenda. Wanawake walikaa upande wao, wakachomwa mmoja mmoja, wakatoka wanasugua mabega na kucheka. Mke wangu naye alichomwa. Kwao hapakuwa na tatizo lolote, mama mkwe na mkamwana wanapika jiko moja. Sisi wanaume tulikaa kwenye benchi la nje, mimi wa kwanza, rafiki yangu Angolile wa pili. Kila mmoja alijua aliyeko ndani ni nani, na hakuna aliyetaka kulisema. Nilikuwa nimeshaamua. Nitaingia, nitatazama ukutani, nitatoa bega, nitatoka. Mungu ananielewa. Nilikuwa na kifua kibaya tangu vumbi la ghala la ushirika, na daktari aliwahi kuniambia mafua makali yatanimaliza.

Nikaitwa. Nikasimama. Nikafungua kifungo cha kwanza cha shati.

Gwakisa alikuwa amesimama na baiskeli yake, mguu mmoja juu ya pedali. Akasema, kwa ile sauti ya dukani, "Kaka, leo mkamwana anakuona kifua. Kesho atakusugua mgongo?"

Watu walicheka. Wanawake waliziba midomo. Ndani mlangoni nilisikia kitu kimeanguka kwenye sinia, basi nikajua Bupe naye amesikia. Nilifunga kifungo changu. Ningefanya nini? Niambieni ninyi mnaojua. Nilifunga kifungo nikashika njia ya nyumbani, na Angolile akainuka akanifuata, na benchi lote likainuka. Hakuna mwanamume wa rika letu aliyebaki. Kesho yake gari la hospitali likapita likachukua boksi likaenda nalo Ndandalo. Wazee wa Ndandalo walichomwa wote. Nawapongeza.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, mwela ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Mafua yalianzia kwa watoto, yakapanda kwa wakubwa, yakafika kwangu kama mafua ya kawaida tu, kamasi na kichwa kizito. Siku chache baadaye yakashuka. Sikujua kwamba kupumua ni kazi mpaka siku ile. Kuinua kikombe kulinichosha. Mbavu za upande wa kulia ziliniuma hata nikicheka, ingawa cha kuchekesha hakikuwepo.

Na kikohozi. Hapa ndipo mtajua Mungu naye ana utani wake. Nyumba ya Lugano iko karibu na yetu, na jiko la Bupe liko uani. Kila nilipokohoa, mtoto wa watu alikimbia. Ameinjika ugali, nimekohoa, ameacha mwiko amekimbilia migombani. Anaosha vyombo, nimekohoa, amepotea. Nilikuwa nakohoa kutwa nzima, naye alikuwa anakimbia kutwa nzima. Ugali uliungua, watoto walikula ndizi za kuchemsha siku hadi siku. Lugano akaja akasimama mlangoni kwangu kwa hasira.

"Baba, unakufa kwa sababu ya shati?"

"Ondoka," nilimwambia.

"Mke wangu analia. Anasema angekushika mkono kwa nguvu siku ile, basi yangekwisha."

Nikakohoa. Mke wangu alinitengenezea mvuke wa majani ya mkaratusi kwenye chungu cha Kikisi, cha wafinyanzi wa ziwani, kile kikubwa tulichokinunua Matema, akanifunika blanketi, nikajifukiza mpaka nikaona nyota. Tukaenda duka la dawa. Wakati ule kila mwenye kabati la kioo alikuwa ameshafungua duka la dawa. Kijana wa pale alinipa vidonge vya rangi mbili, hakuuliza hata ninaumwa wapi. Nilivimeza. Homa ikaendelea kama vile nimemeza karanga.

Nilipoanza kuweweseka walinipakia kwenye pikapu ya mchele, juu ya magunia, hadi hospitali ya misheni.

Benchi la wagonjwa wa nje ni refu, la mbao, na katikati limebonyea kwa makalio ya watu wengi. Tulikaa hapo tangu asubuhi. Mwanamke mmoja wa kandokando ya ziwa alikuwa amempakata mama yake mzima mapajani, mama amekuwa mwepesi kama mtoto. Aliniona ninavyohema, akasimama, akamwambia mke wangu, "Mama, tangulieni nyie. Wangu amelala." Tukatangulia. Sikumwona tena na sijui mama yake aliishia wapi. Kila nikiomba, naombea benchi lile.

Siku hizo ulikuwa unakuja na bomba lako la sindano na uzi wako wa kushonea. Mke wangu alitoka akaenda kuvitafuta madukani, mimi nikalazwa. Nikachomwa sindano za makalioni mchana na usiku mpaka sikuwa na upande wa kulalia. Halafu wakasema kuna maji yamejaa ubavuni. Wakanikalisha, nikakumbatia mto, wakanitoboa mgongoni chini ya bega, yakatoka maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilikonda. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni yenyewe ikaanguka kwenye bakuli la uji, mke wangu akaitoa, akaipangusa, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Nywele zilizokuwa zimeanza mvi zikawa nyeupe zote. Nilipojitazama kwenye kioo cha dirisha nilimwona baba yangu.

Huruma ndogo ndogo zilikuwepo, nazo niziseme. Palikuwa na muuguzi aliyepasha mikono yake kwenye chupa ya chai kabla ya kunigeuza. Palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mti wa kakao wenye matunda yanayogeuka rangi. Na alikuwepo Bupe. Siku zake za mapumziko alikuja kutoka Ngonga na chupa ya uji wa mchele. Wodini hakuingia, angeingiaje? Alisimama nje chini ya dirisha langu, na kabla hajasogea alikohoa. Kikavu, mara mbili. Mimi ndiye nikawa wa kugeuzia uso ukutani, mke wangu akatoka kuupokea uji. Sijui kama alifanya hivyo kwa adabu au kwa utani. Nilikunywa uji wote.

Angolile naye walimleta, wakamlaza kitanda cha jirani. Sikuamini. Mtu aliyekuwa anabeba gunia la mpunga na kupiga mluzi, sasa midomo imekuwa ya bluu. Tulilala tukitazamana. Mkewe, Mama Subi, alikaa chini kati ya vitanda vyetu anatuchotea maji sote wawili.

"Ungeingia siku ile, ningeingia," Angolile aliniambia. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayehesabu mifuko yake.

"Tutachomwa mwakani," nikamwambia.

"Ndaga," akasema. Asante. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana. Alikufa mchana, jua limewaka, watu wanauza ndizi nje ya geti. Walimfunika shuka na kumpitisha mbele ya kitanda changu, nami sikuweza hata kuinuka. Kwetu mtu asipomzika rafiki yake ni heri angekufa yeye. Sikumzika Angolile. Wala wengine wa benchi letu waliokufa msimu ule.

Gwakisa alikuja kunitazama. Alikuja tena na tena, sitamnyima hilo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mzima, ngozi inang'aa, akala ndizi nilizoletewa na kunisimulia safari zake za Malawi. Kijiji kizima kilikuwa kinakohoa, lakini Gwakisa alikuwa anaimba. "Kaka, mimi vumbi la Songwe limenikomaza," alisema. "Mafua yananiona yanakimbia."

Jioni moja alipoondoka, mke wangu alikuwa anakunja blanketi. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sema," nikamwambia.

"Hukuwa na nguvu ya kusikia."

"Sasa ninayo. Sema."

Akakaa. Bupe alikuwa amemwambia yote jikoni, analia. Siku ile ya benchi, watu walipokwisha kuondoka na jua linazama, Gwakisa alirudi zahanati kwa mlango wa nyuma. Aligonga. Alimwambia mkamwana wangu, ambaye ni mkamwana wake vilevile, kwa kinywa chake, kwamba kaka amekataa sindano yake na si vizuri iharibike. Akavua shati. Akageukia ukuta. Bupe akamchoma. Akamwambia, "Haya yabaki hapahapa, mwanangu." Na Bupe angemwambia nani? Mkamwana hana mdomo wa kumsema baba mkwe. Alinyamaza mpaka maiti ya Angolile ilipopita mbele ya zahanati.

Nilimwambia mke wangu anipe uji. Nilikuwa nimeukataa tangu asubuhi. Niliunywa, nikaomba mwingine.

Wazee, msidharau hasira. Kabla ya jioni ile nilikuwa nakubali kufa. Nilikuwa nimeshachagua wimbo wa mazishi. Baada ya hapo nilikula kila nilicholetewa, nilitembea nikishika ukuta hadi mlangoni, kesho yake hadi kwenye kakao. Kila hatua nilikuwa napanga. Nilipanga kukata migomba yake yote usiku, nikaacha, maana migomba haikunikosea. Nilipanga kuwaambia watoto wangu kwamba nikifa, Gwakisa asiguse jembe kaburini kwangu. Hili lilinifurahisha siku mbili tatu, halafu nikaona kasoro yake: sharti nife kwanza. Nilipanga kumpiga tu. Lakini mkono wangu ulikuwa mwembamba kuliko mwiko.

Niliruhusiwa mwela ukiwa umetulia. Jua lilipokuwa kali, msimu wa maembe, bado nilikuwa natembea na fimbo na kupumzika katikati ya njia. Masika yakaingia, tukapanda. Usiku nilimsikia mke wangu anasikiliza pumzi zangu. Nilimkaripia kwa hilo, naye alinijibu kwamba amezoea kelele.

Yeye ndiye aliyeleta dawa ya mambo yote, na aliileta huku anachambua mchele.

"Baba Lugano, Bupe hatakiwi kukuona uso, au hatakiwi kukuona mkono?"

"Yote."

"Mkono mtupu, hauna jina, unaning'inia tu. Atajua ni wa nani?"

Sikuelewa. Akainuka akaleta khanga kuukuu, akaichana tundu katikati, akaifunga kwenye mlango wa chumba. Akaniambia nipitishe mkono. Niliupitisha. Upande wa pili aliufinya, nikapiga kelele. "Huyo ni nani?" akauliza. "Simjui. Ni mkono tu wa mzee mmoja mkorofi."

Nilikwenda kwa mchungaji, nikaenda kwa wanaume waliobaki wa rika letu, mmoja mmoja, na fimbo yangu. Niliwaonyesha kovu langu la mgongoni. Niliwaambia habari ya khanga. Wengine walicheka, lakini walicheka wakiwa wanafikiri. Habari ya Gwakisa sikumwambia mtu. Niliihifadhi, kama mnavyohifadhi mbegu.

Mvua zikaelekea kukatika, boksi likaja. Tukakaa kwenye benchi lilelile, na nafasi ya pili baada yangu tuliiacha wazi. Mama Subi alikuja akasimama ukutani na nguo zake nyeusi. Khanga ilikuwa imefungwa mlangoni, na Bupe yuko nyuma yake, kivuli tu. Wanaume walikuwa wanaangalia lile tundu kwa mashaka.

Gwakisa naye akaja na baiskeli. Alitazama khanga akacheka mpaka akashika tumbo. "Sasa mmeanza kucheza na wakwe kupitia matundu? Marehemu baba zetu wanawaona. Mimi mwenzenu siwezi. Desturi ni desturi."

Benchi likatikisika. Niliwaona wawili wameshika magoti tayari kuinuka. Nikasimama mimi.

"Gwakisa," nikasema, "anza wewe. Wewe njia unaijua."

"Njia gani?"

"Ya mlango wa nyuma. Mwaka jana ulichomwa hapa, jua linazama, wakati mimi na Angolile tumeshaenda nyumbani kufunga vifungo vyetu."

Gwakisa akatabasamu, akawageukia watu. "Kaka homa haijamtoka vizuri kichwani. Nani kakwambia? Nani aliona? Mlete huyo mtu hapa."

Nilikuwa sina mtu. Bupe singemtaja, na mke wangu aliambiwa jikoni. Nilisimama pale na fimbo yangu, pumzi inaanza kunipungukia, naye alijua nimekwama. Tayari alikuwa anageuza baiskeli.

Ndipo nyuma ya khanga mtu akakohoa. Kikavu, mara mbili.

"Bega la kushoto," sauti ikasema. "Nilimchoma chini ya kovu la moto."

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya mkamwana wangu tangu alipoingia kwenye ukoo wetu. Ni nyembamba kuliko nilivyodhani, na siku ile haikutetemeka hata kidogo. Kila mwanamume wa rika letu aliyewahi kuoga mtoni na Gwakisa analijua lile kovu. Aliungua na uji tukiwa watoto. Na kila mtu pale alijua kwamba mkamwana hawezi kulijua, isipokuwa shati limevuliwa mbele yake.

Hakuna aliyecheka. Mama Subi alitoka ukutani akasogea mpaka mbele ya baiskeli. "Shemeji," akamwambia, "mume wangu ulimwondoa hapa kwa desturi."

"Nilikuwa natania," Gwakisa akasema. "Kaka, si unajua mimi ni mtu wa utani?"

Akapanda baiskeli akaondoka. Mimi nikavua shati lote, mbele ya watu, nikaupitisha mkono kwenye tundu. Vidole vya upande wa pili vilikuwa na joto. Baada yangu wote waliipitisha mikono yao.

Mngependa niishie hapo. Mke wangu naye alisema inatosha. Haikunitosha. Jua lilipoanza kuzama nilichukua kigoda changu nikaenda kukaa kwenye mlango wa nyuma wa zahanati. Nilimjua mdogo wangu. Hakukawia. Alikuja kwa miguu safari hii, amepitia shambani, na aliponiona alisimama kwenye magugu.

"Ugonile, kaka," akanisalimu, salamu ya asubuhi na jua linazama. "Imebaki?"

"Imebaki moja."

"Nina kifua siku hizi. Na watoto wangu bado wadogo."

Nilimtazama. Huu ndio wakati niliokuwa nimeungoja tangu kitandani. Ningesema zimekwisha, naye angeondoka na mwela ungemkuta. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimkumbuka Angolile anavyopitishwa na shuka usoni, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona: aliyekufa haoni aibu. Angolile hajui hata kama tumemtaja. Gwakisa akifa nitamzika, nitalia, watu watasema alikuwa mtu wa utani, na mambo yameisha. Sikutaka yaishe. Nilitaka aishi sana.

"Gari la hospitali linachukua boksi Jumatatu," nikamwambia. "Kesho baada ya ibada utachomwa. Mlango wa mbele."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya Mama Subi."

Akageuka akarudi kwa njia ya shambani. Nilidhani hatakuja. Kesho yake ibada ilipokwisha watu hawakutawanyika, na yeye alikuja, amevaa shati la kanisani. Alisimama mbele ya khanga akaanza kukunja mkono wa shati autie kwenye tundu. Mama Subi akamtangulia. Aliifungua khanga fundo moja, akafungua la pili, akaikunja vizuri akaiweka kwapani.

"Hii ni ya wanaotila," akamwambia. "Vua."

Akavua. Bupe alikuwa amesimama mlangoni na sinia, anamtazama usoni waziwazi kama anavyomtazama mgonjwa yeyote. Gwakisa ndiye aliyegeukia ukuta. Kovu tuliliona wote. Alipomaliza kuchomwa hakuweza kupata tundu la kifungo.

Sijamsamehe, na anayetaka kuja kunihubiria kuhusu hilo aanzie kwa Mama Subi. Pumzi zangu hazijarudi zote, upande wa kulia bado unanikumbusha mwela ukivuma. Lakini niko hai, na rika letu lililobaki liko hai, na khanga ile haijawahi kukosa msimu. Na kila boksi linapofika, mtu wa kwanza ninayempelekea habari ni mdogo wangu. Naenda mwenyewe hadi dukani kwake, taratibu, na fimbo, wateja wakiwepo.

Safari hii nimemwambia aje na shati la kuvulika upesi, maana watu wanasubiri.